Gari, Kutu na Bei ya Hadithi

Kuna ubishi usiokwisha katika vijiwe vya vijana wapenda magari, nao ni huu: mtu akichukua gari la spoti la zamani, akaling'oa injini yake na kutia nyingine yenye nguvu zaidi, akalishusha chini, akalivisha rimu pana na viti vya kukumbatia mgongo, je, gari hilo limepanda thamani au limeshuka? Wengi wa rika langu hujibu hata kabla swali halijamalizika. Limepanda! Wanahesabu hivi: gari lilinunuliwa kwa milioni mbili, likatiwa vitu vya milioni tatu, basi sasa ni gari la milioni tano. Hesabu safi kabisa, kama ya mtoto wa darasa la pili. Kasoro yake ni moja tu: si ya kweli.

Mimi sina gari. Sina hata baiskeli. Lakini tangu nimalize kidato cha nne nimekuwa karani katika gereji moja hapa Mombasa, na jambo hili limenipitia machoni mara nyingi kuliko nilivyotaka. Mchana naandika risiti na kadi za kazi: gari la nani, namba gani, limeletwa na ugonjwa gani, limetiwa kipuri gani. Usiku naandika riwaya, ambayo hadi sasa ina sura kumi na moja na shujaa mmoja anayekataa kufa pale ninapomtaka afe. Fundi wetu mkuu analijua hilo, na hunitania kila asubuhi: "Sikiza kijana, kule kwako wauza uongo mtamu, hapa waandika ukweli mchungu. Usije ukachanganya madaftari." Tunacheka. Baadaye nilikuja kuona kwamba ule haukuwa utani mtupu.

Hebu tuanze na gari lenyewe, maana bila mfano maneno haya yatabaki hewani. Mfano wangu ni Datsun 240Z. Lilizinduliwa Japani mwaka 1969 kwa jina la Fairlady Z, likachorwa na timu iliyoongozwa na Yoshihiko Matsuo, na huko Marekani likapigiwa debe na Yutaka Katayama, aliyekuwa mkuu wa Nissan nchini humo. Boneti ndefu kama mdomo wa chuchunge, kiuno chembamba, viti viwili tu. Injini yake, iitwayo L24, ilikuwa ya lita 2.4, silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, kabureta mbili, nguvu farasi 151. Mmarekani wa mwaka 1970 aliweza kulinunua jipya kwa dola 3,526.

Huku kwetu halikuingia kwa jina la urembo. Liliingia kwa vumbi na matope. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally wakiwa ndani ya 240Z, na nyuma yao, nafasi ya pili, wakaja Shekhar Mehta na Mike Doughty katika gari la aina hiyo hiyo. Mwaka 1973, mwaka ambao Safari iliingizwa katika mashindano ya ubingwa wa dunia, Mehta akashinda akiwa na Lofty Drews, tena ndani ya 240Z. Huyu Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyeishi Kenya, alikuja kuishinda Safari mara tano: 1973, kisha 1979, 1980, 1981 na 1982. Kwa hiyo ukimwona mzee wa Kenya amesimama kando ya Z iliyochakaa akiitazama kama anayemtazama mchumba wa zamani, usimcheke. Anaona vitu ambavyo wewe huvioni.

Sasa tuje kwenye bei. Mwezi Januari mwaka 2020, 240Z moja ya mwaka 1970 iliuzwa katika mnada wa intaneti wa Bring a Trailer kwa dola 310,000. Ukigawa kwa ile bei ya upya, utaona imepanda karibu mara 88. Lilikuwa na nini gari hilo? Turbo? La. Rimu za inchi kumi na nane? La hasha. Lilikuwa halina kitu, na hicho ndicho kilicholipiwa. Lilitembea kidogo, halikukatwa, halikuchomelewa, na liliwahi kutumiwa na kampuni ya Franklin Mint kuwa kielelezo cha kutengenezea gari dogo la kuchezea. Mnunuzi alilipia miaka 50 ya watu waliojizuia.

Hapo wenzangu wa kijiweni watasema: basi yamekwisha, gari lililogeuzwa halina thamani. Ngojeni kidogo, yakhe. Mwezi huo huo wa Januari 2020, katika mnada wa Mecum huko Kissimmee, Florida, Ford Mustang ya mwaka 1968 iliuzwa kwa dola milioni 3.4, na ukijumlisha ada za mnada milioni 3.74. Ndilo gari aliloendesha Steve McQueen katika filamu ya Bullitt. Hilo liligeuzwa! Liliimarishwa chuma kwa ajili ya kuruka vilima vya San Francisco, likatobolewa, likachomelewa. Isitoshe lilikuwa limechakaa na lina kutu. Familia iliyoliuza ililinunua mwaka 1974 kwa kiasi cha dola 6,000, na walikuwa na barua ambayo McQueen mwenyewe aliwaandikia mwaka 1977 akiomba kulinunua. Walimkatalia.

Kuna mfano mwingine tena. Carroll Shelby, dereva aliyeshinda Le Mans mwaka 1959, alianza kuzichukua Mustang za Ford na kuzigeuza, akaziuza mwaka 1965 kwa jina la GT350. Leo GT350 halisi ni ghali mno kuliko Mustang ya kawaida ya mwaka huo huo. Na wapenzi wa magari hayo wanayo daftari inayofuatilia namba za chesisi, moja baada ya nyingine, kwa sababu walaghai wamekuwa wakichukua Mustang za kawaida na kuzipaka mistari.

Mambo mawili yanaonekana kupingana, lakini hayapingani. Wahenga wetu walikwisha kuyasuluhisha: mali bila daftari huisha bila habari. Mustang ya Bullitt haikulipiwa kwa sababu iligeuzwa. Ililipiwa kwa sababu inajulikana nani aliigeuza, lini, kwa kazi gani, na karatasi zipo za kuthibitisha. Kugeuzwa kwake ni sehemu ya historia yake. Gari lililogeuzwa na mtu asiyejulikana, kwa sababu isiyojulikana, kwa risiti zisizokuwepo, ni kitu kingine kabisa. Hilo ni gari lililopoteza ukurasa, na aliyeuchana haonekani.

Nasema haya kwa utulivu sasa. Siku yalipotufika sikuwa mtulivu hata kidogo.

Ami yangu, ndugu mdogo wa marehemu baba, alistaafu bandarini baada ya miaka mingi ya kuhesabu makasha. Alipata kiinua mgongo chake, si haba. Nyumba yake ilikuwa na paa linalovuja upande wa jikoni, na binti yake alikuwa mwaka wa pili chuoni. Mke wa ami alikuwa ameshazipanga zile pesa katika kichwa chake hadi shilingi ya mwisho. Ami naye alikuwa amezipanga katika kichwa chake, kimyakimya. Utotoni mwake, miaka ya 1970, babu yangu aliwahi kumpeleka upande wa Taita kuyatazama magari ya Safari yakipita. Alisimama juu ya jiwe, gari jekundu lenye boneti nyeusi likapita likimrushia changarawe miguuni, na tangu siku ile mtu huyu alikuwa na deni na gari hilo.

Ijumaa moja baada ya sala alipita gerejini kunijulia hali. Uani, chini ya turubai, palikuwa na Z. Nyekundu, boneti nyeusi. Mwenyewe, jamaa mmoja mtanashati asiyekosa miwani ya jua, alikuwa ameileta itengenezwe kidogo kabla ya kuuzwa. Ami aliinua upembe wa turubai, akasimama. Sikumwona akipumua.

Mwenye gari alikuwa amekwisha kunipa kazi. Alisikia kwamba mimi ni mwandishi, akanitaka nimwandikie tangazo la kuuzia, na ahadi ya shilingi 5,000 likimpendeza. Alinipa na maneno ya kuanzia: "Datsun 240Z, gari la Safari Rally ya 1973, injini mpya, zaidi ya milioni tatu zimetumika." Bei aliyoitaka ilikuwa shilingi 4,800,000. Alikuwa na picha moja, nyeusi na nyeupe, ya Z iliyotapakaa matope hata namba haisomeki. Alikuwa na kijitabu pia alichoandika gharama zake kwa mkono: injini, rangi, rimu, viti, usukani, redio. Risiti hakuna hata moja.

Ami aliipenda ile picha. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, wewe waonaje?"

Msomaji, hapo ndipo moyo uliponienda mbio. Yule jamaa ni mteja wa gereji inayonilisha. Ami ndiye aliyenilipia karo kidato cha tatu na cha nne. Na mimi, kwa hulka yangu, nilikuwa tayari nimeshaipenda ile hadithi. Kichwani nilikuwa nimeanza kuiandika: gari lililopotea, likaokotwa ghalani, likafufuliwa. Ilikuwa sura ya kumi na mbili tayari. Nikamwambia ami, "Tupe hadi Jumatatu."

Fundi hakukasirika nilipomweleza. Alisema tu, "Tulitazame. Gari halina rafiki wala adui." Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Alianza na sumaku. Sumaku ya kawaida, ya kutolewa katika spika iliyokufa, iliyofungwa kitambaa isikwaruze rangi. Ukiipitisha juu ya chuma inashika. Ukiipitisha juu ya puti, ule udongo wa kujazia mashimo ya bodi, inateleza na kuanguka. Fundi aliipitisha chini ya milango, kwenye vizingiti, ikaanguka. Nyuma ya mlango, mbele ya gurudumu la nyuma, ikaanguka. Chini ya betri palikuwa na bati jipya lililobandikwa juu ya bati lililooza. Magari haya ya Z yanajulikana duniani kote kwa kuliwa na kutu sehemu hizo hizo, hata yale ya nchi kavu. Itakuwaje kwa lililolala Mombasa, ambako upepo wa chumvi unaoza hata bawaba za madirisha?

Kisha tukalipandisha juu. Mihimili miwili inayopita chini ya sakafu, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa gari hilo, mmoja ulikuwa umebonyea na mwingine umechomelewa vipandevipande. Injini mpya ilikuwa RB25 ya Nissan, yenye turbo, nguvu farasi kama 250 inapotoka kiwandani. Si injini mbaya, wallahi. Ni injini tamu, nayo pia ni ya silinda 6 za mstari mmoja, ndiyo maana wengi hupenda kuitia humo. Lakini ili giaboksi yake ienee, walikata bati la handaki lililo katikati ya sakafu, wakaliziba tena kwa kipande cha bati la namna nyingine. Waya zilikuwa zimefungwa kwa tepu kama mguu uliovunjika. Na breki? Zile zile za kiwandani: diski mbele, drum nyuma. Mtu aliongeza mbio lakini hakukumbuka kusimama.

"Huyu aligeuza kinachosikika," fundi alisema, "akaacha kinachookoa."

Fundi hachukii kugeuza, lieleweke hilo. Yeye mwenyewe anageuza. Gari la mwaka 1970 likitiwa rejeta kubwa zaidi kwa sababu ya joto la pwani, hapati tabu. Likitiwa moto wa kielektroniki badala ya platini, breki bora, mikanda ya kisasa ya usalama, anasifu. Sharti lake ni moja: kile cha zamani kitiwe ndani ya boksi, kiandikwe jina, kikabidhiwe mwenye gari. Hapo gari laweza kurudi lilikotoka siku yoyote kwa bolti na spana. Kinachofungwa kwa bolti ni mavazi, mtu huvaa na kuvua. Kinachokatwa kwa msumeno ni kiungo cha mwili. Na mnunuzi hana budi kuuliza: ile L ya asili iko wapi? Yule jamaa alijibu kwamba aliiuza kwa mchuuzi wa vyuma chakavu.

Ilibaki kazi yangu ya ukarani. Katika kadi ya kazi lazima niandike namba ya chesisi. Nilichukua tochi nikaingia kichwa ndani ya boneti, maana katika magari haya namba hugongwa kwenye ukuta unaotenga injini na abiria, na kuna kibati pia. Nikafuta grisi kwa kitambaa. Nikasoma. Nikafuta tena.

Herufi za mwanzo zilikuwa RS30.

Wasiojua niwaeleze. 240Z zenye usukani wa kulia zilizouzwa nje ya Japani zilianza na HS30. RS30 ni 260Z, ndugu yake mdogo, aliyeingia sokoni kwa ajili ya mwaka 1974. Safari ya mwaka 1973 ilikimbiwa wakati wa Pasaka, na wakati huo 260Z ilikuwa haijatoka. Kwa maneno mengine, gari lile lisingeweza kushiriki katika mashindano yaliyofanyika kabla halijazaliwa. Nikaitazama logibuku: ilisema ukubwa wa injini ni wa ile ya asili, wala RB25 haikuandikishwa popote. Kenya injini ikibadilishwa yatakiwa mabadiliko hayo yafikishwe kwa NTSA na gari likaguliwe. Lisipofanyiwa hivyo, siku ya ajali bima ina mwanya wa kukataa kulipa, na siku ya kuuza mnunuzi mwerevu ana mwanya wa kukukimbia.

Si kwamba 260Z ni gari bovu. Ni gari zuri la haki yake. Wala rangi nyekundu na boneti nyeusi si dhambi. Kopo la rangi halihitaji cheti cha mashindano. Ila ile hadithi, ambayo ami alikuwa tayari kuilipia, ilikufa pale pale, tochi ikiwa mkononi mwangu.

Tulikaa na fundi tukapiga hesabu, nayo ndiyo ninayotaka vijana wenzangu waishike kwa sababu inafaa kwa gari lolote. Hatukuanza na kijitabu cha muuzaji. Tulianza na bei ya gari la aina hiyo lililo zima, la asili, ambalo fundi aliona likiuzwa mwaka uliotangulia: 3,500,000. Tukaanza kutoa. Kukata kutu na kurudisha mihimili, 600,000. Breki za kustahimili injini ile, au kuzirekebisha zilizopo pamoja na mfumo wake, 250,000. Kutafuta injini ya L na giaboksi yake, 400,000. Waya upya, 150,000. Jumla 1,400,000. Imebaki 2,100,000. Tukarudisha 300,000, kwa kuwa RB25 ikitolewa ina mnunuzi wake. Basi 2,400,000. Nusu kamili ya bei iliyotakiwa.

Angalia kwamba milioni tatu za yule jamaa hazikuingia popote katika hesabu hii. Alizitumia kweli, sina shaka. Lakini gharama ni historia ya mfuko wake, na thamani ni kile kinachobaki kwa mtu anayekuja baada yake. Redio aliyoipenda yeye mimi sitaisikiliza. Viti vilivyomkaa yeye vitambana ami. Katika kugeuza gari mtu hununua furaha yake mwenyewe, na furaha ikishaliwa haiuzwi mara ya pili. Anayekuuzia kwa hoja ya "nimetumia kiasi hiki" anataka wewe ulipe karamu usiyoalikwa.

Na kuna jambo jingine linalowatia watu tamaa hapa kwetu. Sheria ya Kenya hairuhusu kwa kawaida kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Kwa hiyo Z zilizomo nchini ni zile zilizomo, na wauzaji wanajua. Watakwambia, "Hutapata nyingine." Huenda ni kweli. Lakini uhaba unapandisha bei ya kitu kizima. Hauwezi kuziba tundu la sakafu. Na kila moja inayokatwa kwa msumeno inazidi kuzipandisha zile ambazo hazikukatwa. Anayegeuza bila kuhifadhi anamtajirisha jirani aliyelifunika la kwake turubai akaliacha.

Jumatatu ami alikuja, amevaa kanzu safi kama anayekwenda kuposa. Nilimwonyesha kadi ya kazi. Sikumpa maneno mengi, nilimpa tochi. Akainama, akasoma namba mwenyewe, akauliza maana yake, nikamweleza. Alikaa juu ya tairi kuukuu, akainyamazia ile gari muda mrefu. Halafu akasema, "Nilitaka liwe lile." Basi. Kwa miezi kadhaa nimejaribu kuandika sentensi yenye uzito kama huo katika riwaya yangu, sijafanikiwa.

Mwenye gari alipofika, ami alimwamkia vizuri, akamwambia bei yake: 2,400,000, na gari liandikwe kwenye mkataba kuwa 260Z. Yule bwana alicheka, akageuka akaniuliza mimi liko wapi tangazo lake. Nikampa. Nilikuwa nimeliandika usiku wa Jumapili, nalo lilikuwa fupi:

"Inauzwa: Datsun 260Z, chesisi RS30. Injini RB25 yenye turbo, haijaandikishwa. Injini ya asili haipo. Sakafu na vizingiti vinahitaji kazi. Gari lina mwendo mtamu. Njoo na fundi wako."

Alilisoma mara mbili. "Hili ni tangazo au cheti cha kifo?" akauliza. Elfu tano sikuziona. Aliliondoa gari jioni ile, na fundi akapoteza kazi ya wiki nzima, lakini hakunitolea hata neno. Nasikia gari liko Nairobi sasa, na linauzwa kwa jina lile lile la zamani. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Sisi tunaotaka kuandika tuna jambo letu hapa, wala sitalizungusha. Kutunga si kosa. Shujaa wangu hajawahi kuishi, na msomaji anayefungua kitabu changu anajua hivyo, tumekubaliana. Yule mwuzaji naye alikuwa mtunzi, tena hodari: rangi, picha, mwaka, machozi ya mzee. Tofauti ni kwamba msomaji wake hakuambiwa kwamba anasoma hadithi, na kwa kutoambiwa angelipa paa la jikoni na karo ya binti. Kalamu inayoandika riwaya usiku inaweza kuandika tangazo mchana. Lakini lazima ijue iko katika daftari lipi.

Na wewe unayetaka kununua, uliza maswali manne kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba. Nani aligeuza, na yuko wapi nimwulize? Karatasi ziko wapi? Kile kilichotolewa kiko wapi? Na je, hili laweza kurudi lilivyokuwa kwa spana, au limekatwa? Ukijibiwa yote manne vizuri, huenda umepata gari lililogeuzwa lenye thamani kuliko lile lisiloguswa, maana lina breki bora na halichemki njiani. Ukijibiwa kwa injini kunguruma, funga mfuko.

Paa la ami halivuji tena. Karo ya mwaka wa tatu imelipwa. Kilichobaki kiko benki, na bado anaitaka Z, asikudanganye mtu. Kila asikiapo kuna moja Malindi au Kilifi, huniita twende. Mke wake amekwisha kuzoea. Siku hizi akifua kanzu hupapasa mfuko wa upande kwanza, kwa sababu mzee hutembea na sumaku.